Alichopanda Baba Chini ya Kioo

Watu wengi wanaoniletea kazi hawajui umbo la picha ni kitu gani, na siwalaumu, maana hata mimi ningependa kuishi bila kulijua. Nahariri video za harusi, sendofu, kipaimara na misiba. Naishi Moshono, chumba kimoja nalala, kingine kina kompyuta mbili na feni. Mteja akija na kanda ya zamani namweleza jambo lile lile kwa maneno yale yale. Picha ya kanda za zamani ni kama dirisha la kawaida, inakaribia mraba. Tivii za siku hizi ni pana kama mlango uliolazwa chini. Ukitaka kuiweka ile kwenye hii, njia ni tatu. Unaiacha ilivyo, na pembeni, kulia na kushoto, panabaki peusi. Au unaivuta kwa ubavu, na watu wote wananenepa, hata bibi harusi aliyejinyima wali miezi mizima. Au unaikuza mpaka iguse kingo zote, na hapo juu na chini panakatwa. Njia ya nne hakuna. Mteja ananisikiliza vizuri sana, anatikisa kichwa, halafu ananiambia, "Sawa dada, ila weka ijae."

Neno hilo, ijae, nalichukia kuliko matusi. Mtu akinunua tivii ya inchi hamsini anataka inchi hamsini zake zote. Ukimwachia weusi pembeni anaona umempunja, kama muuza sukari aliyechezea mizani. Nikimwambia akijaza tutakata vichwa na miguu, ananijibu eti vichwa atavikumbuka. Wapo wanaojibu hivyo, na wengine wana digrii. Zamani nilikuwa nabishana nao mpaka chai inapoa. Siku hizi najaza tu, kwa sababu mteja ni mfalme na mimi ni mpangaji. Lakini kuna kanda moja ilijazwa bila mimi kuulizwa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Kwetu ni juu ya Kikatiti, unapanda kuelekea mlimani mpaka migomba inaposhikana na kahawa. Baba alizaliwa wa pili katika watoto wawili wa kiume. Kaka yake, baba yetu mkubwa, alipewa shamba la juu, na baba akapewa la chini. Katikati hawakuwahi kuweka mpaka, kwa sababu walikuwa wanapendana, na watu wanaopendana huona aibu kupimana. Matatizo yanaanziaga hapo. Walikuwa wanajua tu kwamba mpaka ni mfereji wa maji uliokuwa unapita kati, pale kwenye jiwe kubwa tulilokuwa tukianikia nguo. Juu ya mfereji ni kwa mkubwa, chini yake ni kwetu. Babu alikuwa amezikwa chini ya mfereji, yaani kwetu.

Baba alipomaliza nyumba ya matofali alifanya ibada ya shukrani. Mimi nilikuwa sekondari. Mchungaji alikuja, kwaya ilikuja, ng'ombe alichinjwa, na baada ya chakula wale ndugu wawili wakaamua kumaliza jambo la mpaka mbele ya watu wote, ili watoto wao wasije wakaumizana. Walipanda masale, ile mimea ya majani marefu. Sale kwetu si ua la kupamba. Ndio mpaka, ndio msamaha, ukiikuta imepandwa huvuki bila kuuliza. Baba alivua viatu vya kanisani asivichafue, akakunja suruali, akainama kando ya lile jiwe, akachimba, akaisimamisha sale na kuushindilia udongo kwa mikono yake. Baba mkubwa alikuwa amesimama pembeni ameshika nyingine mkononi. Yote hayo yalipigwa video na bwana mmoja wa Ngaramtoni aliyekuwa maarufu wakati huo kwa kumiliki kamera.

Sauti haikubaki. Wapiga picha wa enzi hizo hawakuamini kwamba watu wakiongea kuna cha kusikiliza, kwa hiyo bwana yule alifuta maneno yote akaweka nyimbo za kwaya mwanzo mpaka mwisho. Baba alisema mengi pale kwenye mpaka. Kwenye kanda anafungua mdomo na zinatoka sauti za akina mama wa kwaya. Ila picha ilikuwa nzuri. Tuliitazama kwenye deki miaka na miaka, kila Krismasi, kila mgeni akija, mpaka tukawa tunaijua hatua kwa hatua. Jiwe lilikuwa chini kulia, mfereji nyuma yake, mikono ya baba katikati, na sale ndogo ikitikisika.

Baba akafariki. Tukamzika kando ya babu. Mafundi wa kaburi waliacha nafasi upande wake wa kushoto, na kila mtu aliyekuwepo alijua ile nafasi ni ya nani. Mama hakuwahi kupanda hata mchicha pale. Alikuwa anapalilia, anafagia, anaondoka. Baba mkubwa naye akafuata. Halafu bomba la maji likaletwa, mfereji ukafukiwa kwa kuwa hauna kazi tena. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye kwetu namwita kaka na sina jina lingine la kumwita hata leo ambapo mdomo unakuwa mzito, akalivunja lile jiwe akapata kokoto za msingi wake. Masale yakang'olewa. Nani aliyang'oa hakuna anayejua, na sote tunajua. Baadaye yakaonekana masale mengine yameota chini zaidi, kando ya mtaro wa bomba, chini ya makaburi.

Kabla hayo hayajafika kwenye mdomo wa mtu, deki yetu ilikuwa imeshakufa. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi na mama, aliichukua ile kanda akaipeleka mjini kwenye duka moja la zamani, la familia ya Kihindi iliyofanya biashara ya picha tangu mababu zao. Alitaka kunishangaza Krismasi. Mimi dada yake hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo inayoninunulia chumvi, na yeye akapeleka kanda kwa mtu mwingine ili kunishangaza. Kwa kweli alinishangaza.

Mzee wa duka aliifanya kazi kama inavyotakiwa. Alihamisha picha nzima kwenye flashi, haijapunguzwa hata uzi, na pembeni akaacha weusi. Mdogo wangu akaifikisha nyumbani, akaichomeka kwenye tivii mpya, na mama akaja kutazama amejifunga khanga nzuri. Alipouona ule weusi akasimama. Kwetu picha ya mtu ikiwekewa kitambaa cheusi pembeni, huyo mtu amekwenda. Ndivyo tunavyoweka juu ya jeneza, ndivyo tunavyoitundika ukutani mpaka mwaka uishe. Na ndani ya ile video tulikuwemo sisi wote tulio hai, mimi na sare yangu ya shule, mdogo wangu amebebwa mgongoni, mchungaji ambaye bado anahubiri.

"Mbona mmetuwekea weusi huku na huku?" mama akamuuliza. "Kwani tumekufa?"

Mdogo wangu akamwambia ndivyo mashine inavyofanya. Mama akasema mashine haina adabu, aende akautoe. Akarudi mjini. Mzee wa duka, hili alinieleza mwenyewe baadaye na namwamini, alimwambia kijana nikiutoa weusi nitakata juu na chini. Mdogo wangu akamjibu kata, mama hataki weusi. Basi akakata. Flashi ya kwanza ikafutwa na kuandikwa upya. Kanda yenyewe ikaonekana haina kazi tena, maana vitu viko kwenye flashi, na ndege walikuwa wanafukua maharage. Mdogo wangu akauvuta ule utepe wote mweusi kutoka kwenye kanda akaufunga kwenye vijiti kuzunguka shamba. Uking'aa na kupiga kelele kwenye upepo ndege hawasogei. Kila mtu kule anafanya hivyo.

Nilipofika Krismasi niliona utepe kabla sijafika mlangoni. Nikauliza ule ni wa kanda gani. Nilipojibiwa nilimtukana mdogo wangu matusi ambayo sikujua kama nayajua. Tulipowasha tivii nikaona baba hana kofia. Siku ile alivaa kofia yake nyeusi ya kuendea mikutano, na sasa ilikuwa imebaki ukingo tu juu ya nyusi. Nikasema mmemkata baba kichwa. Mama akasema acha ugomvi siku ya Bwana, mbona anaonekana vizuri, na mkubwa kuliko zamani. Ni kweli alionekana mkubwa. Mimi hasira yangu yote ilikuwa ya kofia. Chini sikutazama.

Chini tulikuja kutazama siku kaka alipokuja na mafundi kupima msingi wa ukuta. Alimsalimia mama vizuri, shikamoo mama, akamweleza kwa upole kwamba mpaka unapita kwenye mtaro wa bomba, masale si haya hapa, na kwamba makaburi ya ukoo siku zote huwa kwa mkubwa. Mama akamwambia, "Mwanangu, migomba ichukue. Kahawa ichukue. Mimi niachie pale pangu tu kando ya baba yako mdogo." Kaka akasema mama anaruhusiwa kuja kuliona kaburi wakati wowote, hata geti litawekwa, ila kaburi jipya hapana. Hakueleza kwa nini, wala hakukuwa na haja. Kaburi kwetu ni hati. Ukimruhusu mtu kuzika kwako, wajukuu zake watakuja kukuonyesha msalaba.

Mama hakulia. Alisema, "Tuna video," akaingia ndani akaitoa flashi kwenye kopo la majani ya chai, na tukaitazama. Baba anakuja na jembe. Anavua viatu, tunaona anajikunja, viatu vyenyewe hatuvioni. Anainama. Halafu hayupo. Kwenye kioo umebaki mgongo wa shati jeupe, na nyuma yake tumbo la baba mkubwa. Kwaya inaimba. Mgongo unatikisika. Baada ya muda anainuka anajipangusa viganja na kucheka. Hakuna jiwe, hakuna mfereji, hakuna sale. Tulirudisha nyuma tukatazama tena, kana kwamba mara ya pili angeinama kidogo tu.

Nikaanza kuhangaika. Nilikwenda mjini dukani. Mzee yule akanipa kiti, akaniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kazi za wateja anazifuta, kompyuta ingejaa. Akatafuta kwenye diski zake zote nikiwa nimekaa pale pale, na hapakuwa na kitu. "Mteja akisema ijae mimi nitafanya nini, dada?" akaniuliza. Nikanywa chai yake, maana mimi ningefanya vile vile.

Nikaenda Ngaramtoni kumtafuta mpiga picha. Nilimkuta anauza dawa za mifugo karibu na mnada, amezeeka, kamera aliachana nayo zamani. Alinikumbuka kwa ile shukrani, akamkumbuka hata ng'ombe aliyechinjwa. Nikamuuliza kanda aliyopigia, ile mama ya zile alizotoa nakala. Akacheka kwa huruma. Kanda zilikuwa ghali, akaniambia, ukipiga harusi ya leo unafuta ya juzi. Juu ya baba yangu alipiga ubatizo wa mtu mwingine, na juu ya ubatizo huo akapiga mahafali. Akanipa pole, akanipa na soda.

Ukabaki utepe wa shambani. Niliukusanya kijiti kwa kijiti, nikauosha, nikauanika. Jua na mvua vilikuwa vimeshaula, ile rangi ya kahawia inayobeba picha ilikuwa inatoka kama unga wa ugoro vidoleni. Nilijua haiwezekani. Mimi ndiye ninayewaambia wateja haiwezekani, kisha wananiambia jaribu tu dada. Nikajaribu tu. Deki niliyoazima ilikula mita chache ikakwama, na ndani ya zile mita chache niliona mistari na chenga tupu.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi mjini akaniambia kuna programu sasa, ya akili mnemba, ukiipa picha iliyokatwa inajaza yenyewe pembezoni. Anaitumia kupanua picha za harusi. Nikaiwekea pale baba anapoinama. Ikafikiri, ikaleta. Jamani, ilipendeza. Baba alikuwa mzima, kuanzia kofia mpaka chini, ameinama kwenye nyasi za kijani zilizokatwa vizuri kama za hotelini, na mguuni amevaa viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa. Jiwe hakuna. Nikaiandikia kwamba pana jiwe na mfereji na sale. Ikaniwekea jiwe, mfereji na mmea wa kwenye chungu. Ningeendelea kuielekeza ingefika, kazi hii naijua. Nilimwonyesha mama kwanza.

Mama alisogea karibu. Alitazama muda mrefu, halafu akanyoosha kidole.

"Baba yenu alivua viatu," akasema. "Hivi ni vya nani?"

Nikasema ni vya kompyuta, imekisia. Mama akasema, "Toa. Hiyo miguu siijui." Nikafuta. Wengine watasema nilifanya vizuri kwa kuwa ingekuwa uongo. Mimi nasema nilifuta kwa sababu mama alisema nifute, na kama angesema iache, ningeipeleka kwenye kikao nikiwa nimekunja uso.

Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwetu. Mama alipika loshoro, mahindi na maziwa mgando, kana kwamba ni sherehe. Waliokuwepo siku ya kupanda masale walikuwa wamebaki wazee wawili. Mmoja hasikii, na mwingine alisema anakumbuka nyama ila mpaka haukumbuki vizuri, na asingependa kusema neno ambalo litamkaa rohoni. Mkubwa wa kikao akasema basi tuonyesheni hiyo video. Nikaiweka. Baba akaja, akainama, akapotea. Kwaya ikaimba. Baba akainuka akicheka.

"Ameonyesha nini?" mkubwa wa kikao akauliza.

"Amepanda sale," mama akasema.

"Mama, sale iko wapi?" kaka akauliza kwa upole uleule. "Mimi naona mgongo."

"Iko chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya kioo," mama akasema.

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kaka akasema pengine baba mdogo alikuwa anatafuta kifungo cha shati. Wakacheka wengine. Nikasimama nikawaeleza. Nikaeleza dirisha na mlango uliolazwa, nikaeleza kukuza na kukata, nikawaambia hata kofia yake imekatwa, si mnaona, aliyekatwa juu amekatwa na chini. Nilijisikia nikiongea kama mtu anayetetea mwizi. Mzee mmoja akasema kwake rimoti ina kitufe cha kubadili umbo, ukibonyeza picha inarudi. Nikamwambia kitufe hakirudishi kilichokatwa. Akasema bonyeza tuone. Nikabonyeza. Baba akanenepa. Nikabonyeza tena, akakonda akawa mrefu kama mlingoti, weusi ukaja pembeni, na chini bado hakuna kitu. Nikabonyeza tena, akakatwa mpaka mdomoni.

"Wewe si ndio fundi?" yule mzee akaniuliza.

"Ndiyo baba."

"Sasa fundi gani anashindwa kushusha picha kidogo tu?"

Mama ndiye aliyeniua. Aliinuka kwenye kiti chake, akaenda mpaka kwenye tivii, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza, akawa anachungulia kwenye ukingo wa chini wa kioo kwenda juu, kama anayetafuta kuku aliyeingia chini ya kitanda. Na wale wazee, wote, bila kujua, wakainama kidogo kwenye viti vyao. Hata kaka aliinama, nilimwona. Kwa dakika hiyo kila mtu sebuleni aliamini kwamba baba yuko pale chini, anashindilia udongo. Halafu wakaketi wima. Nilitamani kuipasua ile tivii.

Mkubwa wa kikao akasema kwa masikitiko kwamba ukoo hauwezi kuamua kwa kisichoonekana. Masale yanayoonekana leo yako kwenye mtaro wa bomba, basi mpaka ni mtaro wa bomba. Wakaomba, wakala loshoro. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, na kweli wote walikuwa na macho.

Ukuta ulijengwa haraka. Geti liliwekwa kama kaka alivyoahidi, lina kufuli, na ufunguo unaombwa kwake. Mama aliomba mara chache. Baadaye akasema kubisha hodi kwenda kumwona mume wake kunamchosha, akawa anakaa na flashi yake. Nilikuwa nikipanda kila nilipopata nafasi, na kila nikifika namkuta ameshaiwasha. Alikuwa haitazami yote. Alikuwa anasubiri baba anapoinuka kutoka chini anacheka, hapo anasimamisha.

Siku moja nilipokuwa namchambulia maharage akaniita. Alikuwa amefikiri sana, nilimwona usoni.

"Ule weusi," akasema. "Urudishe. Mimi nimekubali."

Nikamuuliza weusi gani, na huku najua.

"Ule wa pembeni. Nilikosea kuukataa, nilidhani ni wa msiba. Urudishe, hata watu wakisema. Ukirudi na mikono yake itarudi, si ndivyo ulivyowaeleza wale wazee?"

Sikuwaeleza hivyo. Niliwaeleza kinyume chake, kwa nusu saa nzima, na mama yangu alikuwa amekaa pale akisikia anachokihitaji. Nilichukua rimoti nikabonyeza mpaka weusi ukaja kulia na kushoto. Baba akabana katikati, mwembamba. Mama akatazama chini ya kioo, akangoja. Video ikafika pale, mgongo ukatikisika, kwaya ikaimba. Akangoja mpaka baba akainuka.

"Bado," akasema. "Labda inachukua muda."

Nikasema labda. Sikumwondolea ule weusi tena, na hakuniomba niuondoe. Sijui kama aliendelea kungoja au alijua. Aliishi na picha ile nyembamba yenye weusi miezi iliyobaki, na wageni walipouliza mbona tivii yako imekaa hivyo, aliwaambia binti yangu anaitengeneza.

Alifariki hospitalini, asubuhi, kwa ugonjwa wa kifua. Tulituma watu kwa kaka. Alikuja mwenyewe, akalia kabisa, si kwa kujifanya, akachangia mchele na maturubai. Kuhusu kaburi alisema yale yale. Tukachimba upande wetu, karibu na zizi, sehemu pekee yenye nafasi isiyo na mizizi. Kutoka pale mpaka kwa baba, ukirusha embe linafika, kama si ukuta.

Wenzangu wa mjini walikuja kupiga video bila kuniomba kitu. Wana moyo. Jeneza lilipofika kaburini, kijana mwenye kamera akanisogelea taratibu, akanipa pole tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunavyoulizana kazini.

"Dada, tupige ya kulala au ya kusimama? Tukiilaza, ukuta unaingia wote mpaka kwa jirani. Tukiisimamisha anaingia mama peke yake, inakaa vizuri kwenye simu za ndugu walioko mbali."

Nilitazama pale alipokuwa ananionyesha kwa mkono. Upande wa pili ncha ya msalaba wa baba ilikuwa haionekani, ukuta ni mrefu. Hakukuwa na umbo lolote la picha ambalo lingewaweka wote wawili.

"Yoyote," nikamwambia.

Akasubiri nieleze zaidi, maana ananijua. Kisha akarudi kwenye kamera akaanza kupiga.